Arkea ni bakteria au si bakteria? Jibu kwa mwalimu wa Biolojia wa Kigoma

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari iliyopo Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Vitabu tunavyotumia vinawaweka viumbe wote wasio na kiini cha seli katika himaya moja ya Monera. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne ameniuliza kama arkea ni bakteria, na kama si bakteria, kwa nini wamewekwa nao himaya moja. Naomba unieleze viumbe hawa wanaainishwaje siku hizi, na kama mgawanyo huo una maana yoyote kwetu tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika.

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, na tafadhali mfikishie mwanafunzi wako kwamba ameuliza jambo ambalo wanabiolojia wenyewe wamelijadili kwa miongo kadhaa. Jibu fupi ni kwamba arkea si bakteria. Ni vijidudu wa seli moja wasio na kiini, lakini wa ukoo unaojitegemea, na kwa ushahidi wa jeni ukoo huo uko karibu zaidi na wetu sisi wenye kiini cha seli kuliko ulivyo karibu na bakteria. Waliwekwa pamoja katika Monera kwa sababu moja kubwa, kwamba wote hawana kiini. Na kukosa kitu kimoja hakutoshi kuwa ushahidi wa undugu.

Ili mwanafunzi asione kwamba vitabu vyake vilikosea ovyo, ni vizuri ajue Monera ilitoka wapi. Tangu Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi alipoviona vijidudu hawa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1670, watu hawakuwa na la kuwagawia zaidi ya umbo: wa mviringo, wa fimbo, wa kupinda, wa kujisokota. Ernst Haeckel wa Ujerumani alilianzisha jina Monera mwaka 1866, na Ferdinand Cohn, mwaka 1872, akawapanga bakteria kwa maumbo yao. Mwaka 1925 Édouard Chatton wa Ufaransa alitofautisha prokariota, wasio na kiini, na eukariota, wenye kiini, lakini ni Roger Stanier na Cornelis van Niel walioupa mgawanyo huo maelezo kamili mwaka 1962, wakati hadubini ya elektroni ilipokwisha kuonyesha wazi jinsi seli za makundi hayo mawili zinavyotofautiana kwa ndani. Robert Whittaker alipochapisha mfumo wake wa himaya tano mwaka 1969, aliichukua Monera kama himaya mojawapo, na mfumo huo ndio ulioenea mashuleni.

Ukiyasoma maelezo ya mwaka 1962 kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa yake ni orodha ya mambo ambayo prokariota hawana: hawana utando unaozunguka kiini, hawana mitokondria, hawagawanyiki kwa mitosisi. Kwa kutambua seli, orodha hiyo ni nzuri na inafaa hadi leo. Kwa kujua nani kazaliwa na nani, haitoshi. Hapa ndipo penye msingi wa jibu langu lote: kumtambua kiumbe na kumpa nafasi yake katika ukoo ni kazi mbili tofauti, na matatizo mengi ya uainishaji wa vijidudu yametokana na kuzichanganya. Fimbo ya Bacillus, fimbo ya Escherichia coli na fimbo ya Halobacterium zinaweza kufanana sana chini ya hadubini, kumbe wa kwanza na wa pili ni bakteria wa faila mbalimbali (faila ni kundi kubwa lililo chini ya himaya), na wa tatu si bakteria hata kidogo.

Njia ya kuufikia ukoo ilipatikana kwa Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama tunatafuta undugu wa viumbe wote, inabidi tulinganishe kitu ambacho kila seli inacho, kinachofanya kazi ileile kila mahali, na kinachobadilika polepole kiasi kwamba alama za zamani sana hazijafutika. Kitu hicho ni ribosomu, mahali ambapo protini hutengenezwa. Ndani ya sehemu ndogo ya ribosomu ya prokariota mna uzi wa RNA, molekuli ya jamii moja na DNA, uitwao 16S, wenye herufi za kikemia zipatazo 1,500. Ule wa Escherichia coli una herufi 1,542. Eukariota nao wana uzi unaolingana na huo, uitwao 18S. Baadhi ya vipande vya uzi huu karibu havibadiliki kabisa, kwa kuwa badiliko lolote hapo huvuruga utengenezaji wa protini na kiumbe hufa, ilhali vipande vingine hubadilika kwa urahisi zaidi. Vile vigumu kubadilika hutuwezesha kulinganisha viumbe waliotengana mabilioni ya miaka iliyopita. Vile vyepesi hutenganisha ndugu wa karibu.

Siku hizo uzi mzima haukuweza kusomwa kwa urahisi. Woese na wenzake waliwakuza vijidudu katika chakula chenye fosforasi ya mnururisho, wakaitoa RNA yao, wakaikata kwa kimeng'enya kinachokata kila penye herufi G, kisha wakavitenganisha vipande kwa umeme juu ya karatasi maalumu na kuviacha vichapishe madoa kwenye filamu kama ile ya eksirei. Kila kiumbe alitoa mpangilio wake wa madoa, na Woese alishinda akiisoma filamu moja baada ya nyingine. Nafurahi kumweleza mwanafunzi habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba kundi zima la viumbe hai liligunduliwa na mtu aliyekaa mezani akilinganisha madoa kwa uvumilivu. Alipofika kwa vijidudu wanaotengeneza methani, ambao mwenzake Ralph Wolfe wa chuo hichohicho alikuwa bingwa wa kuwakuza, vipande alivyozoea kuviona kwa kila bakteria havikuwapo. Mwaka 1977 Woese na George Fox walitangaza kwamba vijidudu hao hawana undugu wa karibu na bakteria wa kawaida kuliko walivyo na undugu na viumbe wenye kiini. Mwaka 1990, pamoja na Otto Kandler na Mark Wheelis, Woese alipendekeza ngazi mpya iliyo juu ya himaya, nayo ni domeni, na domeni zikawa tatu: Bakteria, Arkea na Eukariota.

Pendekezo hilo halikupokewa kwa mikono miwili. Wapo wataalamu wakubwa waliosema kwamba uzi mmoja wa RNA hauwezi kupindua mgawanyo ulioonekana wazi kwa macho. Lakini kadiri seli za arkea zilivyochunguzwa kwa kemia, ushahidi uliendelea kuja kutoka pande nyingine, na kwangu mimi huu wa utando wa seli ndio wenye nguvu kuliko wote. Utando wa bakteria, kama wetu, umejengwa kwa asidi za mafuta zilizoshikamana na gliseroli kwa kiungo cha esta. Utando wa arkea umejengwa kwa minyororo yenye matawi, iliyoshikamana na gliseroli kwa kiungo cha etha ambacho ni kigumu zaidi kuvunjika, na hata hiyo gliseroli imegeuzwa, ikawa kwa ile ya bakteria kama mkono wa kushoto ulivyo kwa mkono wa kulia. Vimeng'enya vinavyoitengeneza gliseroli ya upande huu na ya upande ule ni tofauti kabisa. Si jambo ambalo kiumbe angelibadilisha kwa kuhama tu kutoka maji baridi kwenda maji ya moto.

Kuna tofauti nyingine ambayo ina faida ya moja kwa moja darasani. Ukuta wa seli wa karibu bakteria wote una peptidoglikani, na ujenzi wa peptidoglikani ndio unaozuiwa na penisilini. Arkea hawana peptidoglikani. Wengine wana ukuta uliojengwa kwa protini, wengine wana kitu kinachofanana nayo kwa mbali. Kwa hiyo penisilini haiwagusi. Kimeng'enya chao cha kunakili DNA kuwa RNA kina sehemu nyingi na kinafanana na cha eukariota, ilhali cha bakteria kina sehemu chache, na arkea wengi hukunja DNA yao kwa protini za jamii ya histoni, kama tufanyavyo sisi. Mpaka sasa hakuna arkea aliyethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu kwa namna bakteria wa kipindupindu au wa kifua kikuu walivyothibitishwa, na hii ni sababu mojawapo iliyofanya wachelewe kujulikana: fedha na macho ya watafiti yalielekezwa kwenye vijidudu wanaoua.

Mwanafunzi atakutana na majina yatakayomchanganya. Halobacterium na Methanobacterium ni arkea wote wawili. Walipewa majina hayo kabla ya mwaka 1977, na kanuni za uwekaji majina huheshimu jina lililotangulia. Halobacterium huishi penye chumvi kali mno na rangi yake huwa ya waridi au nyekundu. Watu walimfahamu kwanza kama mharibifu, kwa sababu samaki waliokaushwa kwa chumvi ya bahari na ngozi zilizotiwa chumvi waliota madoa mekundu, chumvi yenyewe ikiwa ndiyo iliyomleta.

Sasa nije kwenye ziwa lenu, maana sidhani kama kuna mahali bora pa kufundishia jambo hili. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye kina kikubwa zaidi, na maji yake yamepangana kwa tabaka ambazo hazichanganyiki kabisa hadi chini. Juu joto ni kama nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, chini ni kama nyuzi 23, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji ya chini, yaliyo mazito zaidi, yabaki chini. Oksijeni huishia kwenye kina cha takriban mita 100 hadi 200, kutegemea sehemu ya ziwa na msimu. Kutoka hapo hadi sakafuni, yaani sehemu kubwa ya maji yote ya ziwa, hakuna samaki wala konokono anayeweza kuishi. Wenyeji wa huko ni prokariota, na hakuna mahali pengine juu ya uso wa dunia penye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mengi hivyo yasiyo na oksijeni.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia maji yaliyochotwa katika vina mbalimbali vya ziwa hili, ulisoma DNA yote iliyokuwamo bila kumkuza kiumbe hata mmoja maabarani, kisha ukaunganisha vipande na kupata jenomu (jumla ya DNA ya kiumbe) 523 za bakteria na arkea kutoka faila 34. Tabaka la juu lilikuwa na bakteria wa aina zinazojulikana katika maziwa ya maji baridi. Kule chini kusiko na oksijeni walikuwapo arkea kwa wingi, pamoja na faila za bakteria ambazo hazijawahi kukuzwa na mtu yeyote. Kitabu kinachosema Monera, kisha kikaishia hapo, kinavifunika vyote hivi kwa neno moja.

Umuhimu wake kwa mvuvi wa Kibirizi ni huu. Dagaa hula viumbe wadogo waeleao, ambao nao hula mwani na sianobakteria. Migebuka hula dagaa. Sianobakteria ni wale waliokuwa wakiitwa mwani wa bluu-kijani. Hutengeneza chakula kwa mwanga na kutoa oksijeni kama mimea, lakini ni bakteria kamili, na baadhi yao huweza kuishika nitrojeni ya hewani. Mimea hii midogo na bakteria wa juu huhitaji nitrojeni na fosforasi, na hazina ya virutubisho hivyo iko chini, kwenye giza. Pepo za kusini za miezi ya Mei hadi Septemba huyasukuma maji ya juu, na maji ya chini yenye virutubisho hupanda. Lakini virutubisho havipandi jinsi vilivyozama. Njiani vinapita mikononi mwa prokariota. Mabaki ya viumbe yanapozama, bakteria huyaozesha na kutoa amonia. Panapobaki oksijeni kidogo, wapo bakteria na arkea wanaoichoma amonia na kuishi kwa nguvu inayotoka humo. Panapokosa oksijeni kabisa, bakteria wa jamii ya Planctomycetes huunganisha amonia na naitraiti, wakatoa gesi ya nitrojeni inayorudi hewani. Kazi hii ya mwisho ilithibitishwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 2006, na ulikuwa ushahidi wa kwanza wa jambo hilo katika ziwa la maji baridi. Chini zaidi, bakteria wengine huvuta pumzi kwa salfeti badala ya oksijeni na kutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza, na arkea huhitimisha kazi kwa kutengeneza methani. Sehemu kubwa ya methani hiyo huliwa na vijidudu wengine kabla haijafika juu.

Angalia basi kwamba bakteria na arkea wanaishi tabaka kwa tabaka, wakati mwingine wakila kitu kilekile, na bado ni koo mbili. Kufanana kwa kazi hakuwafanyi kuwa ndugu, na ndiyo maana siridhiki ninapoona kitabu kikigawa prokariota kwa mahali wanapoishi, eti arkea ni wale wa chemchemi za moto na chumvi kali. Wapo wengi huko, lakini wapo pia katika udongo wa shamba la maharage Kasulu, katika tumbo la ng'ombe, na katika utumbo wa binadamu.

Je, kupaka rangi ya Gram kumepitwa na wakati? La, hasha. Hans Christian Gram wa Denmark aliibuni njia hiyo akiwa Berlin, akaichapisha mwaka 1884, na maabara za hospitali zetu bado zinaitegemea kila siku. Slaidi yenye sampuli iliyokaushwa hupitishwa kwenye moto mara chache ili seli zigande, humwagiwa rangi ya zambarau, kisha aidini, halafu huoshwa kwa alkoholi. Hapo ndipo penye uamuzi: ukiosha kwa sekunde chache mno kila kitu kinabaki zambarau, ukizidisha kila kitu kinapoteza rangi. Mwisho hutiwa safranini nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglikani hubaki zambarau nao huitwa Gram chanya, kwa kuwa alkoholi huukausha ukuta na rangi ikanaswa ndani. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa pili wa nje hupoteza zambarau na kuwa wekundu, nao ni Gram hasi. Mganga akiambiwa ndani ya nusu saa kwamba kwenye maji ya uti wa mgongo wa mtoto mna viduara vyekundu vilivyokaa wawili wawili, ana la kuanzia, naye hahitaji kusubiri mti wa ukoo.

Hata hivyo kipimo hicho kina mipaka yake. Mycobacterium tuberculosis ana ukuta wenye nta unaozuia rangi ya Gram isiingie vizuri, kwa hiyo hupakwa kwa njia ya Ziehl-Neelsen, naye huonekana fimbo nyembamba nyekundu juu ya mandhari ya bluu. Mycoplasma hana ukuta kabisa, hivyo penisilini haimfanyi kitu ingawa ni bakteria halisi. Borrelia duttonii, anayeleta homa ya papasi iliyowasumbua sana wasafiri wa misafara ya kupitia Tabora na Ujiji, ni uzi uliojisokota, na huonekana kwenye slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Giemsa, slaidi ileile inayotumika kutafuta malaria. Hawa watatu ni bakteria kwa ukoo, wala hakuna kipimo kimoja cha rangi kinachowakusanya.

Katika ngazi ya spishi mambo huwa magumu zaidi, na hapa nisingependa umwambie mwanafunzi kwamba tuna jibu safi. Kwa wanyama husemwa kwamba spishi ni wale wanaozaliana wao kwa wao. Bakteria hugawanyika tu, kila mmoja peke yake, na juu ya hayo hupeana jeni na wasio ndugu zao. Desturi ya sasa ni kulinganisha jenomu nzima: zikilingana kwa takriban asilimia 95 au zaidi, huhesabiwa spishi moja. Ni mpaka uliowekwa na watu kwa sababu unafaa.

Vibrio cholerae anaonyesha ugumu huo vizuri, na mkoa wenu unamjua. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kililipuka. Spishi hii ina makundi ya sero, yaani aina zinazotofautishwa kwa kemia ya uso wa seli, zaidi ya 200, wengi wao wakiishi majini bila kuleta mlipuko wowote. Yanayojulikana kusababisha milipuko mikubwa ni O1 na O139. Jeni za sumu inayomharisha mgonjwa hadi maji yamwishie mwilini hazikuwa mali ya asili ya bakteria huyu. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni hizo zimo ndani ya virusi vinavyoishi katika bakteria, na virusi hivyo vinaweza kumhamia Vibrio mwingine na kumpa uwezo wa kutengeneza sumu. Kwa hiyo mtu akisema maji ya ziwa yana Vibrio cholerae, hajasema bado kama yana kipindupindu.

Kinyume chake ni Shigella, anayeleta kuhara damu. Kwa jenomu yake ni Escherichia coli. Amezama ndani ya spishi hiyo, wala hana jenasi ya peke yake. Lakini jina lake limeachwa makusudi, kwa kuwa daktari anayesoma cheti cha maabara lazima ajue mara moja kwamba anashughulika na kuhara damu. Mimi naunga mkono uamuzi huo. Jina la kiumbe hutumiwa na watu wa kazi nyingi, na maisha ya mgonjwa yana uzito kuliko unadhifu wa mti wa ukoo.

Kuhusu majina ya ngazi za juu, fahamu tu kwamba tangu mwaka 2021 majina ya faila yamewekewa kanuni rasmi, kwa hiyo Firmicutes za vitabu vya zamani sasa ni Bacillota, na Proteobacteria ni Pseudomonadota. Viumbe ni walewale.

Limebaki jambo ambalo huenda likabadilisha hata hizo domeni tatu. Mwaka 2015 DNA iliyotolewa katika matope ya chini ya bahari, kwenye safu ya milima iliyo kati ya Norwei na Greenland, ilionyesha arkea wenye jeni nyingi zilizodhaniwa kuwa za eukariota peke yao. Waliitwa Lokiarchaeota, na jamaa zao waliopatikana baadaye huitwa kwa pamoja Asgard. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walichapisha habari za mmoja wa jamaa hao, waliyemkuza maabarani kwa kazi ya zaidi ya miaka kumi, naye alikuwa na vikonyo virefu vinavyotoka nje ya seli. Wataalamu wengi sasa wanaona kwamba seli yenye kiini ilitokea ndani ya ukoo wa arkea wa jamii hii, aliyeungana na bakteria ambaye baadaye akawa mitokondria. Kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria, Lynn Margulis alilitetea tangu mwaka 1967 na leo halina ubishi. Ikiwa asili ya seli yetu kutoka kwa arkea nayo itasimama, basi domeni za msingi ni mbili, Bakteria na Arkea, nasi tukiwa tawi la ile ya pili. Mimi naona ushahidi unaelekea huko. Norman Pace alipendekeza mwaka 2006 kwamba tuliache hata neno prokariota. Sioni haja ya kwenda mbali hivyo, mradi litumike kueleza seli ilivyo, lisitumike kutaja ukoo.

Kwenye mtihani, mwanafunzi ajibu kwa mfumo anaoulizwa. Akiulizwa himaya tano, bakteria na arkea wote wako Monera, na akiongeza sentensi moja kwamba mfumo wa domeni unawatenganisha hatakuwa amekosea. Akiulizwa domeni, atoe tofauti za utando, ukuta na RNA ya ribosomu.

Ningependa pia waone kwa macho. Kwa upande wa bakteria, ng'oeni mmea wa maharage au karanga unaokaribia kutoa maua, kwa jembe na taratibu, ili mizizi isikatike. Osheni udongo katika ndoo, mtaona vinundu vya ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti au zaidi. Kipasueni kimoja kwa wembe. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wa jamii ya Rhizobium au Bradyrhizobium wanafanya kazi ya kushika nitrojeni. Wekundu huo ni wa protini inayobeba oksijeni, inayofanana na ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe bado ni kichanga au hakifanyi kazi, na cha kijani au kahawia kimechakaa. Kama shule ina hadubini yenye lenzi ya mafuta, pondeni kinundu kwenye slaidi na mkipake rangi. Mtindi wa nyumbani nao unafaa sana kwa Gram, kwa kuwa fimbo na viduara vyake ni Gram chanya na si hatari kuvishika.

Arkea hatawaonyesha uso wake kwa hadubini ya shule, lakini kazi yake inaonekana. Tafuteni mahali penye maji yaliyotuama na matope meusi, kama zilivyo kingo za vinamasi vya Malagarasi au bwawa lolote lenye majani yaliyooza chini. Jazeni chupa ya kioo maji ya palepale, igeuzeni mdomo chini ndani ya maji, kisha chokoeni matope kwa fimbo chini yake. Mapovu yatapanda na kuyasukuma maji nje ya chupa. Humo mna methani, na ndani ya matope yasiyo na oksijeni watengenezaji wake ni arkea. Gesi hiyo hushika moto, kwa hiyo chupa izibwe na kubaki mkononi mwa mwalimu. Wanafunzi wasiingie majini miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho, na mahali pachaguliwe baada ya kuwauliza wenyeji kama pana mamba.